Mfereji Mmoja, Chupa Mbili

Ploti yetu hapa Umoja ina mifereji miwili. Maji ya kanjo, yale yanayotoka bwawa la Ndakaini, huja kwa mgao. Siku nyingine tunafungua ya kisima kirefu kilichochimbwa nyuma ya jengo. Haya ya kisima ni meupe pe, na kwa miaka mingi niliyachemsha nikawapa watoto nikijua nimemaliza kazi. Kisha meno ya kifungua mimba wangu yakaanza kuota na madoa ya kahawia.

Visima virefu vya Nairobi huteka maji yaliyokaa ndani ya miamba ya volkeno, na mengi hubeba floraidi, ambayo ikizidi ndiyo hutia meno ya watoto madoa kama hayo. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Kuchemsha huua vijidudu, lakini floraidi haiendi na mvuke, inabaki sufuriani. Kwa hivyo usiniambie maji ni safi kwa sababu hayana rangi. Hata kile kipimo kidogo cha mkononi kinachoonyesha namba ukikichovya kinasoma chumvi zote kwa jumla tu. Hakijui floraidi, wala hakioni kinyesi.

Mara ya kwanza nilipeleka maji maabara kwa chupa ya soda. Pesa zilipotea, maana hakuna aliyeweza kusema vijidudu vilitoka kwenye kisima au kwenye chupa.

Siku hizi nabeba chupa mbili. Ya vijidudu naichukua maabara ikiwa imeshasafishwa kwa joto. Ndani ina dawa kidogo ya kuzima klorini, kwa hivyo usiisuuze. Nafuta mdomo wa mfereji kwa spiriti, na kama ni wa chuma naupitisha moto wa kiberiti cha gesi. Naacha maji yatiririke dakika mbili tatu ndipo nakinga, bila kugusa ndani ya kifuniko, na naacha nafasi kidogo juu. Inaingia kwenye barafu, na nahakikisha imefika kabla ya saa sita kupita tangu nilipokinga. Chupa ya floraidi ni ya plastiki safi. Hiyo haina haraka.

Waambie maabara waziwazi unachotaka kipimwe: E. koli, floraidi, na nitrati kama kuna vyoo vya shimo karibu. E. koli inatakiwa iwe sufuri katika mililita 100.

Kinga pia kutoka kwenye tangi la kuhifadhia maji la jengo, si mferejini pekee. Na maji ya kanjo yapime yanaporudi tu baada ya mgao, kwa sababu bomba likikaa tupu hufyonza uchafu wa nje kupitia nyufa.

Kwetu, kisima kilikuwa na E. koli sufuri, tangi likawa nayo. Keretaka alipopanda juu alikuta kifuniko kimepasuka. Floraidi ya kisima ilipita kikomo, basi maji yale sasa tunafulia na kudekia. Ya kanjo tunachemsha, na mtungi mmoja wa lita 20 umewekwa kando kwa ajili ya watoto peke yao.