Mdogo Wangu, Ukuta Wako Hauna Haraka

Mdogo wangu, vuta stuli ukae, tuongee habari ya huo ukuta wa sebuleni unaokunyima usingizi. Umehamia Kihonda hapa Morogoro, nyumba imepakwa rangi, sofa limefika, na kila ukitupa jicho pale juu ya sofa unaona pamebaki peupe. Mmoja anakwambia ununue picha iliyochorwa kwa mkono, mwingine anasema za kuprinti zinatosha, zote ni picha. Wewe umebaki katikati na aibu yako, unaona kuuliza ni ushamba. Si ushamba hata kidogo. Wengi wanaokucheka hiyo tofauti hawaijui, wanachojua ni bei.

Nikutoe hofu kwanza: picha ya kuprinti si dhambi. Una watoto wadogo wenye mikono ya uji, una nyumba ya kupanga, mshahara unaishia tarehe kumi? Nunua ya kuprinti, iweke fremu nzuri, ukae kwa raha zako. Kibaya ni kuilipia bei ya kazi ya mkono, na hapo ndipo mnapokamatwa. Siku hizi wanaprinti juu ya kanvasi, halafu wanapitisha vanishi nzito kwa brashi ili ukiipapasa uone mtu alichora. Usiitazame kwa mbele tu. Igeuze nyuma, angalia kingo, mkono wa mtu huwa unaacha madoa. Isogeze dirishani uitazame kwa ubavu: je, rangi imeinuka palepale mchoraji alipokaza mkono, au michirizi ya brashi inakwenda huku na mchoro unakwenda kule? Ukiwa na lenzi ndogo, tazama kwa karibu. Ukikuta vidoti vya wino vimejipanga, hiyo imetoka mashineni. Na muuzaji akinuna kwa sababu umeigeuza picha yake, muage uende zako. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Sasa ngoja, maana najua unapojikanyagia kanga. Unaingia duka hili unakuta tembo na twiga wa Tingatinga, unaingia la pili unawakuta walewale, la tatu hivyohivyo, unatoka unasema "wametuprintia wote." Taratibu! Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968, kwa rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya hadibodi. Alikuwa akiuza kazi zake nje ya duka la Oysterbay liitwalo Morogoro Stores. Ndiyo, jina letu hilohilo, na watu wa huku tunapita pale bila hata kutabasamu. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kimakosa, akafa. Miaka minne tu ya kuchora! Lakini alikuwa ameshawafundisha ndugu na jamaa zake, nao wakafundisha wengine, na mwaka 1990 wakaunda ushirika wao. Kwao mwanafunzi hujifunza kwa kurudia mchoro wa fundi wake, na mteja akipenda tembo wa jana anachorewa tembo wa jana. Kwa hiyo picha tatu zinaweza kufanana na zote zikawa za mkono. Wewe ukitaka ambayo haina pacha, muulize mchoraji bila kona kona: hii umeshaichora mara ngapi? Swali hilo halina tusi ndani yake.

Na usigeuke sasa ukadharau kila kilichochapwa. Robino Ntila, aliyefanya kazi Nyumba ya Sanaa kule Dar es Salaam, alikuwa akichora kwenye bamba la metali, kisha anachapa kwa wino. Chapa ya namna hiyo ndiyo kazi yenyewe. Hata lile wimbi kubwa la Hokusai wa Japani, la miaka ya 1830, lilichapwa kwa vibao vya mbao tangu mwanzo. Ukikuta chini ya chapa kuna sahihi ya penseli na namba kama 7/40, maana yake ni ya saba kati ya arobaini. Hiyo usiilinganishe na bango la stendi ya Msamvu.

Lakini ukiniuliza moyo wangu, ningependa uwe na moja ya mkono, hata ndogo ya kukaa kwenye korido. Usione vyaelea, vimeundwa. Mtafute kijana wa hapa anayeweza kukuchorea mlima Lupanga wa asubuhi wenye wingu kichwani, au matuta ya mboga ya Mgeta. Mwanao atauliza nani kachora, nawe utamjibu kwa jina la mtu. Kuna nyumba hapa mjini zimetundika milima ya theluji ya Ulaya, na dirishani Uluguru yote imesimama. Sijaielewa hiyo mpaka leo.

Ila pesa ya kikoba usiiguse, nasema usiiguse! Ukikopa ili mawifi wakija washangae, watashangaa jioni moja, na wewe utakwepa mwenyekiti wa kikoba miezi sita. Kukopa harusi, kulipa matanga. Ongea na mchoraji, wengi hupokea kidogo kidogo. Ukuta utasubiri.

Ikishafika nyumbani itunze. Masika yetu unayajua, kuta za upande wa mlimani zinalia maji, na karatasi iliyobanwa na kioo inaota kuvu taratibu bila wewe kujua. Kata vipande vya kandambili kuukuu, gundisha nyuma ya pembe za fremu, hewa ipite. Jua la moja kwa moja linapausha, hasa za kuprinti kwa wino wa bei rahisi. Hadibodi ichunguze mchwa. Vumbi lifute kwa kitambaa kikavu. Nikikuona na sabuni ya unga tutagombana. Na ukiitoa kanvasi Dar kwa treni ya SGR, usiikunje. Izungushe juu ya bomba nene, upande wenye rangi ukiwa nje, maana rangi ikikandamizwa kwa ndani inapasuka.

Halafu hili la kuipiga picha kazi ya watu ukaipeleka steshenari ikaprintiwe kwa ajili ya mashoga zako watano, liache. Umenunua picha, hukununua haki ya kuichapa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamlinda yule kijana aliyeichora. Mashoga zako wakiipenda, wape namba yake ya simu, wakapatane naye wenyewe.