SOMO: KUPIMA AFYA YA MATUMBAWE

Ndugu Wanachama,

Afya ya shamba haijulikani kwa kukaa barazani; sharti uingie ndani utazame mkarafuu mmoja mmoja. Ndivyo yalivyo na matumbawe, nyumba ya samaki tuwalao. Wataalamu wa bahari ni wachache na miamba ni mingi. Kwa hiyo mwaka 1997 jumuiya iitwayo Reef Check ilianza kuipima kwa msaada wa wapiga mbizi wa kujitolea, waliofunzwa na wataalamu hao.

Kazi yenyewe ni hii. Hutandazwa juu ya mwamba utepe wa kupimia wa mita 100, na juu yake hupimwa vipande vinne vya mita 20, vilivyotengwa kwa mita 5. Kila nusu mita huandikwa kilichoko chini ya utepe: tumbawe hai, jiwe, mchanga au kinginecho; jumla mahali 160. Huhesabiwa na samaki pia. Chewa wakiwa haba, hiyo ni dalili ya kuvuliwa kupita kiasi. Kisha hurejewa kupimwa pale pale.

Mwaka 1998 bahari ilizidi joto, na matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi yakageuka meupe yakafa. Palipokuwa na hesabu ya awali, hasara ilijulikana kiasi chake. Pasipokuwa nayo, yalibaki masikitiko.

Kisiwani Chumbe, Unguja, waliokuwa wavuvi walifunzwa kuwa walinzi wa mwamba. Basi kijana wetu ajuaye kupiga mbizi na kuandika, naye aweza. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Wasalaam,
Katibu