Cheti cha Msajili hakikusamehe kodi

Mkoa wa Njombe una mashirika mengi ya kulea yatima, na sababu haijifichi: utafiti wa kitaifa wa UKIMWI wa 2022/2023 uliukuta na maambukizi ya asilimia 12.7 kwa watu wazima, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote Tanzania Bara. Na chuma cha Liganga kikianza kuchimbwa, Mundindi na vijiji vingine vya Ludewa navyo vitapokea mashirika ya kila namna: ya mazingira, ya wajane, ya vijana. Leo nazungumza na wanaoyaendesha, kisha na wananchi ambao majina yao hutumika kuombea fedha.

Shirika husajiliwa chini ya Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali Na. 24 ya 2002, cheti kinawekwa kwenye fremu, kinatundikwa ofisini, na tangu siku hiyo mwenyekiti anaamini TRA hawamhusu. Wanamhusu sana. Msajili anatambua kwamba mpo. Kuwasamehe kodi si kazi yake.

Unafuu wenyewe uko kwenye kifungu cha 64 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004. Shirika liwe la umma, si la ukoo, na liwe limeanzishwa kwa ajili ya kupunguza umaskini au dhiki ya jamii, kuendeleza elimu, au kutoa huduma kama afya, maji na barabara. Tena, na hapa ndipo wengi hukwama, Kamishna Mkuu wa TRA awe ametoa uamuzi wa maandishi kwamba shirika ni la hisani. Bila barua hiyo, mbele ya sheria ya kodi hamna tofauti na kampuni ya mbao ya Makambako, ambayo faida yake hutozwa asilimia 30. Kabla ya kuomba, isomeni upya katiba yenu. Ikisema kwamba shirika likivunjika mali zitagawanywa kwa wanachama, rekebisheni kwanza.

Hata barua ikipatikana, mapato hayafutiki vitabuni. Kinachotokea ni kwamba mnapokokotoa kodi mnaruhusiwa kutoa fedha mlizotumia kwa kazi ya hisani, na juu yake asilimia 25 ya mapato ya kazi hiyo na ya vitega uchumi. Fedha ya mfadhili iliyolala benki mwaka mzima haimo katika hesabu ya matumizi. Kama mnaiweka kwa ajili ya kujenga bweni, mwombeni Kamishna awakubalie kuitenga; kifungu hicho hicho kinampa nafasi ya kukubali. Na je, shirika lenye shamba la parachichi limevunja sheria? Hapana. Sheria ya 2002, kama ilivyorekebishwa 2019, inakataza kugawana faida, haikatazi kuipata. Ila hesabu za shamba zikae peke yake, na risiti zake pia.

Mishahara ndiyo inayowaumiza wengi, kwa sababu kodi hiyo si ya shirika bali ya mfanyakazi. Shirika linaikata tu na kuiwasilisha. Chukua mlezi wa watoto anayelipwa shilingi 400,000 kwa mwezi. NSSF yake ya asilimia 10 ni 40,000, zinabaki 360,000. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, 270,000 za kwanza hazitozwi, na 90,000 zinazozidi hutozwa asilimia 8, yaani 7,200. Fedha hiyo ifike TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Ofisi ya kupanga nayo ina kodi ya zuio ya asilimia 10, mnayomkata mwenye nyumba. Ritani ya mwaka iwasilishwe ndani ya miezi sita tangu mwaka wa hesabu ufungwe, hata kama hamkupata kitu, kwa kuwa adhabu ya kuchelewa huhesabiwa kila mwezi hata pasipo kodi inayodaiwa.

Kwa Msajili, kumbukeni taarifa ya mwaka, ada, hesabu zilizokaguliwa, na kwamba cheti hudumu miaka 10. Anayelaza watoto anahitaji pia leseni ya makao ya watoto chini ya Sheria ya Mtoto ya 2009. Mengi ya haya huanzia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa halmashauri, na sioni sababu ya mtu wa Mundindi kumlipa dalali wa fomu kabla ya kupita kwa afisa huyo, ambaye anamfahamu.

Sasa wananchi. Kifungu cha 29 cha sheria ya 2002 kinalitaka shirika liweke taarifa zake za mwaka na za ukaguzi wazi kwa umma. Umma ni wewe. Mjane wa Ludewa ambaye picha yake imebandikwa kwenye andiko la mradi anaweza kwenda ofisini kuuliza fedha zilitumikaje, na kumjibu si hisani. Akifukuzwa, apeleke malalamiko kwa Afisa Maendeleo ya Jamii.

Viongozi nao wana haki. Cheti hakifutwi kimyakimya; lazima mpewe notisi na nafasi ya kujieleza. Makadirio ya TRA msiyokubaliana nayo yanapingwa kwa maandishi ndani ya siku 30, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015. Mtatakiwa kulipa theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa au kiasi msichokibishia, chochote kilicho kikubwa, ingawa mnaweza kuomba kipunguzwe kwa sababu za msingi. Mkishindwa hapo, nendeni Bodi ya Rufani za Kodi. Siku hizo 30 huhesabiwa tangu makadirio yalipowafikia, wala hazimsubiri mwenyekiti arudi kutoka Dar es Salaam.