Mazoezi kwa Mtoto Asiyesikia Vizuri

Mzazi, je, mtoto wako asiyesikia vizuri huanguka mara kwa mara, hasa gizani? Usimwite mzembe. Ndani ya sikio, karibu na sehemu ya kusikia, kuna sehemu inayosaidia mwili usiyumbe. Homa ya uti wa mgongo inaweza kuharibu zote mbili. Mazoezi hayarudishi usikivu, lakini misuli imara ya tumbo na mgongo humsaidia mtoto kusimama vizuri.

Tandika mkeka penye mwanga. Mtazamane, fanya wewe kwanza, naye aige. Mhesabie kwa vidole.

1. Alale chali, akunje magoti. Ainue makalio, hesabu hadi 5, ashushe.
2. Apige magoti, mikono chini. Anyooshe mkono wa kulia na mguu wa kushoto, kisha abadilishe.
3. Asimame kwa mguu mmoja, nawe uwe karibu kumdaka.

Arudie kila zoezi mara 5, kila siku. Akipata maumivu au kizunguzungu, aache. Sikio likitoa usaha, mpeleke zahanati. Asiingie peke yake kwenye maji ya kina.