Nani anachanua? Ngeli, njeo na msimu wa waridi

Mwaka jana mama mdogo, anayeuza maua hapa Lubumbashi, aliniomba nimtafsirie karatasi ya Kifaransa juu ya utunzaji wa waridi. Maneno « prolonger la floraison » niliyaandika hivi: « kufanya maua yakae yamechanua kwa muda mrefu ». Alifuata neno kwa neno. Hakukata ua hata moja. Aliyaacha yote mpaka yakanyauka kwenye matawi, na maua mapya yakawa haba. Kosa lilikuwa langu, tena la sarufi.

Tulinganishe:

(1) Ua limechanua.
(2) Ua linachanua.
(3) Mwaridi unachanua.

Katika (1), -me- inaonyesha hali iliyokwisha kufikiwa: ua liko wazi. Katika (2), -na- inaonyesha tendo lililo njiani: ua linafunguka. Sentensi (3) ina -na- ileile, lakini kiima kimehama kutoka ngeli ya LI-YA kwenda U-I. Hapa hatusemi tena juu ya ua moja. Tunasema juu ya mmea ambao maua yake yanapokezana: moja linapukutika, jingine linafunguka.

Karatasi ilihusu (3); mimi nilitafsiri (1). Nomino ya Kifaransa « floraison » haitaji nani anachanua. Kitenzi cha Kiswahili hakina ruhusa hiyo: lazima kichague li- au u-.

Bustanini tofauti hiyo ni kubwa. Ua likiachwa baada ya kuchavushwa, mmea hutumia nguvu kukuza tunda na mbegu. Ua lililonyauka likikatwa, juu kidogo ya jani lenye vijani vitano, chipukizi hutoka hapo na kuleta maua mengine. Hayo ni kwa aina zinazorudia kuchanua. Zile za mara moja kwa mwaka hazitarudia hata zikikatwa. Maji pia yanahitajika, hasa katika kiangazi chetu, tangu Mei hadi Septemba hivi. Kwa hiyo, ili (3) idumu, lazima tukubali (1) iishe.

Nilisahihisha: « kufanya mwaridi uendelee kutoa maua mapya ». Mama mdogo alisoma, akachukua mkasi. « Ungesema hivyo tangu mwanzo, mwanangu, » akaniambia, « ningekwisha kukata. »

Tangu siku hiyo, nikikutana na nomino ya tendo katika Kifaransa, kabla ya kuandika natafuta kwanza kiima chake.