Aksolotli wa Ibra na Mguu wa Vidole Sita

1. Joto linatangulia yote. Kwao aksolotli, salamanda wa majini, ni Xochimilco, Mexico, kwenye maji ya baridi. Anataka nyuzi joto 16 hadi 18, na zikipita 24 anaanza kudhoofika. Huku kwetu Ibra, Oman, wakati wa kiangazi maji ya bomba, yaliyoshinda kwenye tangi la darini, hutoka ya moto. Feni ikielekezwa juu ya maji huyapooza, maana hewa yetu ni kavu. Binamu zangu wa Sur feni haikuwafaa kitu: hewa ya pwani imejaa unyevu, ikawabidi wanunue mashine ya kupooza maji. Pesa nyingi hizo, kwa mnyama ambaye shangazi bado anamwita kenge.

2. Wadogo wasikae pamoja. Kwa aksolotli mchanga, chochote kinachotikisika mbele ya mdomo ni chakula, hata mguu wa ndugu yake.

3. Mguu ukikatika, usafi wa maji unatosha. Ngozi hufunika jeraha ndani ya siku moja hivi, bila kovu. Chini yake seli hukusanyika, kijinundu kikachomoza, kisha kiganja na vidole: vinne mbele, vitano nyuma. Mdogo humaliza kwa mwezi au miwili. Mkubwa huchukua zaidi. Mama aliposikia akacheka: "Hata mjusi kafiri mkia wake unaota, mwanangu." Unaota, ndiyo, ila ndani ni gegedu tupu, hauna pingili. Aksolotli hurudisha mifupa, misuli na neva.

4. Kuota si lazima kuwe sawasawa. Wangu mmoja aliumwa mguu wa mbele, na kabla haujakamilika akaumwa tena ubavuni mwa mguu huo. Kikatoka kiganja kilichogawanyika, vidole sita. Maabara huotesha mguu wa ziada kwa makusudi: jeraha la ubavuni mwa mguu, neva iliyovutwa hadi hapo, na kipande cha ngozi ya upande wa pili. Meno nayo huweza kuvuruga pande hizo. Ndiyo maana sikumlaumu aliyeniuzia. Si kila ulemavu ni wa kuzaliwa.

5. Usikate ili uote upya. Rafiki wa Nizwa alinishauri hivyo, nikakataa. Mguu ukikatwa tena na tena, uwezo wa kuota hupungua, na mnyama anaumizwa kwa ajili ya macho ya wageni tu. Vidole sita vinatembea vizuri. Kinachonipeleka kwa daktari wa mifugo, ambaye huku kazoea ngamia na mbuzi, ni ukungu mweupe kwenye kidonda, au mnyama kususa chakula.