Malale, figo na jeni ya APOL1: maswali ya ndugu wa mgonjwa

Mtu akishaanza kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, ndugu zake huanza kuhesabiana: nani atafuata? Nchini Marekani, ambako weusi hufikia hatua hiyo kwa wingi kuliko weupe, lawama zote zilitupiwa presha. Mwaka 2010 watafiti walionesha mhusika mwingine, jeni iitwayo APOL1.

Jeni hiyo ina kazi gani?

Hutengeneza protini inayoua vimelea vya malale, ugonjwa unaoletwa na mbung'o. Baadhi ya vimelea vilipata njia ya kuikwepa, na katika miili ya Waafrika yakajitokeza mabadiliko mawili, G1 na G2, yanayoimarisha kinga hiyo. Gharama yake hulipwa na figo. Mabadiliko hayo yameenea zaidi Afrika Magharibi. Ethiopia karibu hayapo.

Mwenye nayo ataugua tu?

La. Hatari kubwa ni ya aliyerithi kwa baba na kwa mama pia. Takriban asilimia 13 ya Wamarekani weusi wako hivyo, na wengi wao huzeeka na figo zao salama. Mara nyingi ugonjwa hauanzi hadi kitokee kichocheo kingine, na VVU visivyotibiwa ndivyo vinavyojulikana zaidi.

Ndugu anayetaka kutoa figo apimwe?

Hapa ndipo kipimo kina maana kuliko popote. Figo iliyopandikizwa huhama na jeni za mwenyewe: ikitoka kwa mwenye mabadiliko mawili, huelekea kuchoka mapema zaidi ndani ya mpokeaji. Naye mtoaji, aliyebaki na figo moja, anaweza kuja kuihitaji ile aliyoitoa. Kijana mwenye asili ya Afrika Magharibi ana haki ya kuambiwa hayo kabla ya kutia saini, si baada ya upasuaji.

 

Hupimwaje, na dawa ipo?

Mate au damu kidogo hutosha, mara moja maishani. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya dawa inaxaplin: kwa wagonjwa 13, protini kwenye mkojo ilipungua karibu nusu. Ni mwanzo mzuri, lakini 13 ni wachache.

Kwa hiyo mwenye ndugu anayesafishwa damu asisubiri maabara ya jeni. Akapime mkojo na presha wiki hii, kwenye kituo cha afya kilicho karibu.